Jinsi ya Kulinda Ngozi Yako Wakati wa Tiba ya Mionzi ya Saratani ya Titi

Karibu kila anayeanza tiba ya mionzi ya titi huuliza maswali yaleyale. Naruhusiwa kuoga? Nipake nini? Sidiria nivae au niache? Mbona ngozi inazidi kuuma na matibabu nimeshamaliza? Mwongozo huu ni wako ikiwa tarehe yako ya kwanza inakaribia, au ikiwa umeshaanza na umeona ngozi inabadilika. Humu tunazungumzia ngozi tu, tangu siku chache kabla ya mionzi hadi miezi kadhaa baada yake. Ni kwa wanawake na kwa wanaume pia, maana saratani ya titi huwapata wote.

Lielewe hili mapema: wagonjwa wengi sana hupata mabadiliko fulani ya ngozi, hata wakifuata kila agizo. Usijilaumu ngozi yako ikibadilika. Tunachopigania ni kwamba isifike hatua ya kuchubuka na kutoa majimaji, na silaha kubwa hapo ni kuanza kuitunza siku ya kwanza, ikiwa bado nzima. Wengi husubiri iume ndipo watafute cha kupaka. Hapo kinga imeshapita, imebaki kazi ya kuuguza.

Kinachotokea, kwa ufupi

Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe: seli mpya huzaliwa chini, za zamani hubanduka juu bila wewe kujua. Mionzi hupunguza kuzaliwa kwa seli mpya, lakini za juu zinaendelea kubanduka kama kawaida. Ndiyo maana siku za mwanzo huoni kitu. Kwa ratiba ya vipindi 25 (kipindi ni mara moja ya kupigwa mionzi) katika wiki 5, dalili huanza wiki ya pili au ya tatu, hufikia kilele mwishoni mwa matibabu au wiki 1 hadi 2 baada ya kumaliza, kisha ngozi huanza kupona. Ratiba fupi zaidi ya vipindi 15 katika wiki 3 kwa kawaida huumiza ngozi kidogo kuliko ile ndefu. Zipo pia ratiba za vipindi 5 katika wiki 1, na hizo mabadiliko mengi huja ukiwa umeshamaliza na umerudi nyumbani.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Sabuni laini isiyo na manukato.
- Krimu au losheni ya kulainisha ngozi, isiyo na manukato wala rangi. Nunua aina moja na ubaki nayo.
- Fulana au sidiria laini za pamba, zisizo na waya wala lesi, ikiwezekana saizi moja zaidi ya uliyozoea.
- Taulo laini la peke yako.
- Vipande vya kitambaa safi cha pamba vya kuweka chini ya titi.
- Mashine ya umeme ya kunyolea, ikiwa huwa unanyoa kwapa.
- Kipimajoto.
- Daftari dogo, na simu yenye kamera.
- Krimu ya kujikinga na jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi. Hii ni ya baadaye, usiipake kwenye eneo linalotibiwa wakati mionzi inaendelea bila kuuliza.

Hatua kwa hatua

1. Uliza maswali siku ya maandalizi. Kabla ya kipindi cha kwanza utalazwa kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, upimwe na kuwekewa alama. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza, kwa sababu mpango wako bado unatengenezwa. Uliza haya:

Nitapata vipindi vingapi, na je, kuna mionzi ya nyongeza mahali uvimbe ulipotolewa? Eneo la nyongeza huumia zaidi.

Ni sehemu gani hasa itakayopigwa? Omba uonyeshwe kwa kidole. Kama tezi za juu ya mtulinga zinatibiwa, mionzi huweza kutokezea nyuma ya bega, na watu wengi hushangaa mgongo unapoanza kuwasha. Sehemu hiyo nayo inahitaji matunzo.

Je, nitawekewa bolasi? Hii ni tabaka laini kama jeli linalowekwa juu ya kifua, hasa kwa waliotolewa titi lote, ili dozi ifike kwenye ngozi yenyewe. Ukiwekewa, tarajia ngozi ichoke zaidi, na ujue kwamba imekusudiwa hivyo.

Je, nafaa kupewa krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka) au plasta ya silikoni ya kuzuia madhara? Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, nalo ndilo linalosahaulika. Maelezo yake yako hatua ya 5.

Kama titi lako ni kubwa, uliza pia kama inawezekana kutibiwa ukiwa umelala kifudifudi. Baadhi ya vituo vina kitanda maalumu, na mlalo huo hupunguza ngozi kugusana chini ya titi.

Nawe uwaambie: kisukari, uvutaji wa sigara, magonjwa ya kinga kama lupasi, mzio wowote wa plasta, na kila dawa unayotumia pamoja na virutubisho. Sigara huchelewesha ngozi kupona. Kama unaweza kuiacha hata kwa kipindi hiki tu, ngozi yako itafaidika.

2. Piga picha ngozi yako kabla haijaguswa na mionzi. Simama kwenye mwanga wa dirisha, piga titi kutoka mbele na pembeni, linyanyue upige mkunjo wa chini, kisha upige kwapa. Rudia kila wiki, mahali palepale na mwanga uleule.

Hapa nitakaa kidogo, hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Maelezo mengi ya hospitali yanasema "angalia ngozi ikiwa nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Badala yake ngozi huwa nyeusi zaidi, huelekea zambarau au kijivu, hung'aa, hukaza. Matokeo yake madhara huchelewa kutambuliwa, na mtu huambiwa "uko sawa" wakati ngozi inamuwaka. Usingoje wekundu. Tumia mkono wako: gusa titi linalotibiwa kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa la upande wa pili. Lina joto zaidi? Limekaza? Vitundu vya ngozi vimepanuka kama ganda la chungwa? Linauma ukilibonyeza? Hizo ni dalili kamili, ziripoti hata kama hakuna anayeona rangi imebadilika. Na picha ya siku ya kwanza ndiyo itakayokutetea.

3. Oga kila siku. Zamani wagonjwa walikatazwa kulowesha sehemu inayotibiwa. Agizo hilo lilishapitwa na wakati: kuosha kwa upole hakuongezi madhara, na ngozi chafu yenye jasho ndiyo inayopata maambukizi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni laini, na kiganja chako. Usitumie dodoki, brashi wala kitambaa cha kusugulia. Jikaushe kwa kugusisha taulo tu, bila kufuta. Nyanyua titi na ukaushe mkunjo wa chini vizuri, kisha ukaushe kwapa. Acha ngozi ipigwe na hewa dakika chache kabla ya kuvaa.

Angalizo: kama alama zako zimechorwa kwa wino, pitisha maji bila kuzisugua. Zikianza kufifia usizichore upya mwenyewe hata kama unaziona vizuri. Kosa dogo tu linatosha kuhamisha mionzi isiende mahali pake.

4. Paka krimu ya kulainisha mara 2 au 3 kwa siku, tabaka jembamba. Anza siku ya kwanza ya mionzi au hata kabla. Tandaza kwa upole kuelekea upande mmoja, usikandamize. Paka eneo lote ulilonyeshwa, pamoja na kwapa na nyuma ya bega kama vimo.

Swali linalorudi kila mara ni kama krimu ikiwa kwenye ngozi wakati wa mionzi itaiunguza. Jibu linategemea unene. Vipimo vimeonyesha kwamba tabaka jembamba haliongezi dozi ya ngozi, ila tabaka nene la milimita 3 au zaidi huongeza. Kwa hiyo krimu iliyonyonywa na ngozi haina shida, lakini usiingie chumba cha mionzi ukiwa umejipaka mafuta mazito yanayoonekana juu ya ngozi. Vituo vingi bado huomba usipake chochote saa chache kabla ya kipindi. Kama kituo chako kimesema hivyo, fuata: paka baada ya kipindi na usiku.

Krimu zenye zinki, poda ya talki na mafuta yenye manukato ziweke mbali na eneo hilo. Mshubiri umejaribiwa katika tafiti kadhaa na haujathibitika kuzuia ngozi kuchubuka. Kama unakupa ubaridi na ngozi ni nzima, muulize muuguzi wako, lakini usiuhesabu kuwa kinga.

5. Ukiandikiwa kinga ya dawa, itumie kama dawa. Krimu za steroidi kama mometasoni au betamethasoni zina ushahidi mzuri wa kupunguza madhara, na mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu wa huduma za saratani lilizipendekeza kwa ajili ya kuzuia. Hupakwa mara 1 au 2 kwa siku tangu kipindi cha kwanza hadi kama wiki mbili baada ya kumaliza, kulingana na ulivyoandikiwa. Kipande cha krimu chenye urefu wa ncha ya kidole chako cha shahada kinatosha eneo la viganja viwili. Paka steroidi kwanza, subiri inyonywe, ndipo upake ya kulainisha. Usipake mahali palipochubuka.

Njia nyingine ni plasta nyembamba ya silikoni, kwa mfano Mepitel Film, inayobandikwa juu ya ngozi nzima mwanzoni na kukaa hapo matibabu yote, ikibadilishwa inapochakaa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 376, ulionyesha madhara ya ngozi ya wastani na makali yakishuka kutoka asilimia 45.6 hadi 15.5 kwa waliobandikwa. Haipatikani kila mahali na inahitaji mtu aliyefundishwa kuibandika bila makunyanzi. Isipopatikana, usibandike plasta ya kawaida badala yake. Gundi yake hung'oa ngozi.

6. Ondoa msuguano na unyevu. Ngozi huchubuka kwanza pale inapokutana na ngozi nyenzake au na nguo: mkunjo wa chini ya titi, kwapa, na mstari wa sidiria. Ukizilinda sehemu hizi tatu umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Vaa fulana laini ya pamba. Kama titi ni zito na kutovaa sidiria kunakuumiza, vaa laini isiyo na waya, maana titi linaloning'inia bila kushikiliwa husugua mkunjo wake mchana kutwa. Ukiwa nyumbani ivue, weka kitambaa safi cha pamba chini ya titi ili ngozi isigusane, na ukibadilishe kila kinapolowa jasho. Usiku lala chali au upande wa pili, mkono wa upande unaotibiwa ukiwa juu ya mto ili kwapa lipate hewa. Kama unavaa titi la bandia, lipumzishe kadiri uwezavyo, au tumia lile jepesi la kitambaa. Angalia pia mkanda wa begi na mkanda wa gari: weka kitambaa laini katikati.

7. Kwapa. Deodoranti haikatazwi ikiwa ngozi ni nzima. Tafiti hazikuona kwamba inaongeza madhara, na hakuna sababu ya kumnyima mtu usafi unaompa heshima yake. Iache mara tu ngozi ikianza kuwasha au kuchubuka. Usinyoe kwa wembe, usitumie krimu ya kunyonyoa wala nta. Nywele za kwapa zinaweza kudondoka zenyewe kama kwapa limo kwenye eneo la mionzi.

8. Linda dhidi ya joto, baridi kali na jua. Hakuna chupa ya maji moto, hakuna barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Mishipa ya fahamu ya eneo hilo inaweza kuwa na ganzi baada ya upasuaji, ukaungua bila kujua. Funika eneo kwa nguo ukitoka juani. Maji ya bwawa yenye klorini hukausha ngozi: kama ngozi ni nzima, jisuuze mara utokapo, na kama imechubuka usiingie kabisa.

9. Ikague kila jioni, na useme. Andika maneno machache daftarini: joto, muwasho, maumivu, mahali. Wengi hunyamaza wakiogopa matibabu yatasimamishwa. Ukweli ni kinyume: dalili ikijulikana mapema hutibiwa huku vipindi vikiendelea, na ikifichwa hadi ngozi imefunguka ndipo hulazimu kupumzika. Usiruke kipindi kwa uamuzi wako kwa sababu ngozi inauma. Mapengo katika ratiba hupunguza nguvu ya tiba dhidi ya saratani. Nenda, uonyeshe, wataalamu waamue.

10. Baada ya kipindi cha mwisho, endelea. Watu hutupa krimu siku ya kumaliza, kisha wiki inayofuata ngozi inakuwa mbaya kuliko wakati wowote. Endelea na hatua ya 3, ya 4 na ya 6 hadi ngozi itulie kabisa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Omba namba ya simu ya muuguzi kabla hujaaga, kwa sababu kilele kinaweza kukukuta nyumbani. Ngozi ikishapona, eneo hilo hubaki jepesi kuungua na jua kwa miaka: lifunike au upake krimu ya SPF 30 na zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Inawasha sana usiku.* Usikune, hata kwa kucha fupi. Paka krimu ya kulainisha, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi ya kawaida kwa dakika chache, kisha ukaushe. Usipopata nafuu, omba krimu ya steroidi kama hujapewa. Vipele vidogo vinavyowasha sehemu ya juu ya kifua ni vya kawaida.

*Imekauka na inabanduka magamba.* Ongeza mara za kupaka krimu ya kulainisha. Usivute ngozi inayoning'inia.

*Imechubuka, ni mbichi, inatoa majimaji.* Wasiliana na kituo siku hiyohiyo. Usipake tena steroidi, deodoranti wala losheni kwenye kidonda. Safisha kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi ya vuguvugu, kisha uweke bandeji laini isiyonata utakayopewa, ile ya sponji yenye silikoni ikipatikana. Usiweke pamba wala shashi kavu, vinagandia na kung'oa ngozi mpya, na usizungushie plasta. Usipake asali, dawa ya meno wala mchanganyiko wa nyumbani. Omba dawa ya maumivu mapema. Kidonda hiki kinatisha kwa macho, lakini kikitunzwa kwa kawaida hufunga ndani ya wiki chache.

*Kuna harufu, usaha, wekundu au weusi unaosambaa kwa kasi, au joto la mwili limefika 38.* Ni dharura, hasa kama ulipata dawa za kemo hivi karibuni. Nenda hospitali usiku uleule.

*Ngozi imekuwa nyeusi sana.* Huanza kufifia yenyewe kwa miezi, ingawa kwa wengine hubaki alama. Usiipake krimu za kung'arisha. Nyingi zina kemikali kali, na ngozi iliyopigwa mionzi haina nguvu ya kuzihimili.

*Titi limevimba na ni zito.* Uvimbe kidogo ni wa kawaida na huweza kuchukua miezi kuisha. Ukivimba mkono au vidole, mwambie daktari mapema, maana uvimbe wa maji ya limfu hutibika vizuri ukianza.

*Nilishapona, sasa eneo lilelile limewaka tena.* Baadhi ya dawa za saratani, kama doksorubisini, dositakseli na jemsitabini, zinaweza kuamsha upya madhara kwenye ngozi iliyotibiwa, hata miezi baada ya mionzi. Mweleze daktari anayekupa dawa hizo kabla ya dozi inayofuata.

*Miezi au miaka imepita, ngozi imekuwa ngumu, au kuna mishipa midogo inayoonekana kama utando.* Haya ni madhara ya muda mrefu yanayojulikana. Uliza kuhusu mazoezi ya bega na masaji ya kovu kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Lakini uvimbe mpya, kidonda kisichopona, au mabaka mapya ya zambarau kwenye eneo lililotibiwa yasikae bila kupimwa, hata kama miadi yako ijayo iko karibu.